Kutosha

Leo wanamuaga Profesa Nyanchama.
Kuna hema, kuna keki, kuna vipaza sauti vinavyokoroma,
na mkuu wa kitivo anahesabu: miaka thelathini na mmoja,
makala kadhaa, kamati kadhaa,
sheria ya uhamiaji aliyoifundisha hata wino wake haujakauka.
Hajakitaja chumba cha chini, kando ya choo cha wasichana,
mlangoni pameandikwa KLINIKI kwa chaki,
hata wapitanjia wakawa wanaingia kuulizia dawa ya kikohozi.
Mmoja alimpa chai ya tangawizi, kisha akamwuliza:
"Na kitambulisho, unacho?"

Mimi naikumbuka Julai moja, manyunyu na baridi ya Parklands.
Nilikuwa mwaka wa nne, tai ya kuazima shingoni,
mbele yangu mteja wangu wa kwanza:
Byamungu, fundi cherehani wa Kayole, mzaliwa wa Bukavu,
ncha za vidole zimetobolewatobolewa na sindano.
Nikasema moyoni, huyu rahisi, Kiswahili anakijua.
Akasema: "Balinitosha mu nyumba, usiku."
Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa mitihani:
Nyumba ilinitosha.

Wasikiliza rufaa wakasoma. Wakakubaliana nami.
Mtu ambaye nyumba ilimtosha, wakasema,
alikimbia nini?
Siku thelathini awe ameondoka nchini.

Profesa aliusoma uamuzi amesimama, miwani juu ya paji.
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.
Alinichukua hadi Kayole, tukaketi juu ya marobota ya vitenge,
akamwuliza fundi, taratibu, kama mtu aulizaye njia:
"Neno hilo, kwenu, lina maana gani?"
Byamungu akakishika kitambaa kilichokuwa chini ya sindano,
akakivuta, uzi ukakatika,
akakirusha nje ya mlango, matopeni.
"Kutosha," akasema. "Njo vile."

Walimtoa.
Neno tunaloshibia sisi, yeye alifukuzwa nalo.

Usiku ule tuliandika hati ya kiapo.
Nilianza: hitilafu ya tafsiri imetokea,
sentensi safi, isiyo na mtu ndani.
Akaifuta. "Imetokea wapi, mvunguni? Nani alikosea?"
Nikaandika: mimi.
Akaichukua kalamu, akaongeza chini yangu:
Nami, mwalimu wake, nilitia saini
kabla maelezo hayajasomwa mbele ya mteja.
Akaenda kuapa Milimani, kwa wakili
aliyewahi kulifeli somo lake mara mbili.

Sitasema tulishinda. Tulipewa tarehe,
tarehe ikazaa tarehe,
miezi kumi na sita ya kupanda na kushuka ngazi,
na kila mara Byamungu alikuja na suti aliyojishonea,
mistari ya kitambaa imekutana mabegani sawasawa.
Kibali kilipotoka, jina lake lilikuwa limekosewa herufi moja.
Profesa alicheka hadi machozi.
Kisha akanigeukia: "Rudi dirishani."

Sasa anaitwa jukwaani. Amevaa koti la kijivu
ambalo nayajua mabega yake.
Wanangoja hotuba; wengine wamekwisha washa simu kurekodi.
Anaitazama keki, anawatazama wakuu, anasema,
"Basi, imetosha,"
na hema zima linapiga makofi.
Kule nyuma, karibu na sufuria za pilau,
mtu mmoja tu anaangua kicheko.

Ufunguo wa kliniki uko mfukoni mwangu,
umefungwa uzi mwekundu wa cherehani.
Jumatatu saa mbili kuna mama Mworomo kutoka Eastleigh.
Nimempata mkalimani.
Nimemtafuta na wa pili,
wa kumsikiliza wa kwanza.